Pakiti za seli shina, na damu ya mtoto aliye tumboni

Kwa miezi kadhaa sasa hapa Tanga, seli shina zimetoka kwenye vitabu vya baiolojia ninavyofundishia zikaingia sebuleni. Zinatajwa katika vikao vya jioni vinavyofanyika majumbani, Ngamiani na Chumbageni, ambako vijana waliovaa suti hufungua kompyuta, huonyesha picha za seli zinazong'aa, kisha hutoa vipakiti vya unga wa kukoroga kwenye maji na kueleza kuwa unga huo unatibu kisukari, presha, kiharusi na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa, kwa sababu wifi yangu ana mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu, na mama anayekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa hahitaji maneno mengi ili ashawishike. Aliniletea pakiti moja akaniuliza, "Wifi, wewe ndiye mwalimu wa mambo haya, ninunue au nisinunue?" Nilimjibu palepale kwamba asinunue, lakini jibu hilo lina sababu zake, na kwa kuwa wanaouliza ni wengi nimeona niziandike kwa kirefu.

Pakiti yenyewe ni ndogo, ya karatasi ya kung'aa. Ukiigeuza utakuta maandishi madogo mno yanayotaja zabibu, tufaa, vitamini C na sukari, na ukiifungua unga wake ni wa rangi ya waridi, una harufu ya juisi ya dukani na unanata kidoleni. Kwa maelezo yake yenyewe, basi, kilichomo ni chakula. Usajili wa chakula tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, ilhali dawa ni kazi ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, na muuzaji hodari anajua kuonyesha karatasi ya huku akazungumza habari za kule.

Seli shina ni seli iliyo hai, yenye uwezo wa kujigawa ikatoa nyingine zinazofanana nayo na pia ikatoa seli zenye kazi maalumu, kama vile chembe nyekundu za damu. Ili zisife, maabara huzihifadhi katika naitrojeni ya kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Unga uliokaushwa, ukasafirishwa kwenye boksi na kukaa kabatini katika joto letu la Februari hauna seli hai hata moja, na hata zingekuwemo, tumbo lingezisaga kama linavyosaga nyama. Sihitaji hata kufika kwenye swali la namna seli ya tufaa inavyoweza kugeuka damu ya binadamu.

Mahali pa kuzielewa seli hizi vizuri ni mwanzo kabisa wa mimba. Yai likisharutubishwa ndani ya mrija wa uzazi hubaki seli moja kwa takriban siku nzima, ndipo linapogawanyika mara ya kwanza. Siku ya tatu huwa ni kishada cha seli nane hivi, zilizolingana kiasi kwamba ikiondolewa moja zilizobaki huweza kuendelea na safari. Kufikia siku ya tano au ya sita kiinitete, yaani mimba hiyo changa, kimekuwa kifuko chenye maji ndani yake, ambacho kipenyo chake hakifiki robo ya milimita, na hapo ndipo seli zinapotengana njia: za nje zinaelekea kuwa kondo la nyuma, na kundi dogo la ndani ndilo litakalokuwa mtoto. Kundi hilo la ndani ndilo ambalo James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walilichukua mwaka 1998 kutoka kwenye viinitete vilivyotengenezwa katika kliniki za uzazi na kutolewa na wenyewe kwa utafiti, wakafanikiwa kulikuza maabara. Kwa panya, Martin Evans na Matthew Kaufman walikuwa wameshalifanya jambo hilo mwaka 1981.

Ili kuzipata seli hizo kiinitete huharibika, na ubishi wote ulianzia hapo. Nchini Uingereza, miaka sita baada ya Louise Brown, mtoto wa kwanza wa kutungishwa nje ya mwili, kuzaliwa mwaka 1978, kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ilipendekeza kwamba kiinitete cha binadamu kisikuzwe maabara kupita siku 14, na sheria ya mwaka 1990 ikalithibitisha pendekezo hilo. Siku hiyo ilichaguliwa kwa kuwa karibu na wakati huo hujitokeza mstari mwembamba unaoonyesha kichwa kitakuwa wapi na mgongo utapita wapi, na baada yake kwa kawaida kiinitete hakiwezi tena kugawanyika kuwa mapacha. Sisi tuliopitia madrasa tulikaririshwa hatua za mimba, nutfa (tone), alaka (pande la damu) na mudhgha (pande la nyama), na wanazuoni wengi wanazitaja siku 120 kuwa ndizo za kupuliziwa roho. Kanisa Katoliki kwa upande wake linataka uhai uheshimiwe tangu kutungwa kwa mimba. Mimi naona kikomo cha siku 14 kilikuwa suluhu ya watu wenye imani tofauti waliolazimika kutunga sheria moja, na kwa suluhu ya aina hiyo kimedumu sana.

Kilidumu pia kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kukifikia. Mwaka 2016 kundi la Magdalena Zernicka-Goetz huko Cambridge na la Ali Brivanlou huko New York yalikuza viinitete hadi siku ya 12 na 13, kisha yakasimamisha kazi kwa sababu ya kikomo hicho. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina kilikiondoa kikomo hicho katika orodha ya mambo yaliyokatazwa kabisa, na mwaka 2023 maabara kadhaa zilionyesha mifano ya kiinitete iliyotengenezwa kwa seli shina peke yake, bila yai wala mbegu ya mwanamume. Kuhusu mifano hiyo bado sina msimamo. Shinya Yamanaka wa Japani naye alikwishafungua njia nyingine mwaka 2006, aliporudisha seli za kawaida za panya katika hali kama ya seli za kiinitete kwa kutumia jeni nne tu, akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu mwaka uliofuata, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon.

Sasa nirudi kwenye selimundu, kwa maana hapo ndipo utafiti wa mtoto aliye tumboni ulipozaa tiba ambayo watu wanaweza kuionyesha kwa kidole. Damu ya kijusi haitengenezwi mahali pamoja. Huanza kwenye mfuko mdogo ulio nje ya mwili wake, kazi ikahamia kwenye ini, na mwishowe ikatulia kwenye uloto, yaani nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Himogilobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, nayo ni ya aina ya pekee, inayonasa oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama ili iweze kuivuta kutoka kwenye kondo, na himogilobini hiyo ya utotoni haipindi chembe za damu hata kama mtoto amerithi selimundu kwa baba na mama. Wifi anakumbuka kwamba mwanawe alikuwa mnene na mchangamfu mpaka alipokaribia kuota meno, ndipo vidole vya mikono na miguu vikaanza kuvimba, na majirani wakasema ni kijicho. Ukweli ni kwamba miezi ile ya mwanzo alikuwa bado analindwa na damu aliyotoka nayo tumboni, na kinga ile ilikuwa inakwisha. Daktari wa watoto Janet Watson aliliona jambo hilohilo New York mwaka 1948, akahisi kwamba damu ya utotoni ndiyo inayowakinga.

Ilichukua miaka 60 kujua swichi inayoizima iko wapi. Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao walionyesha kuwa ni jeni iitwayo BCL11A. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inafanya kazi kwenye swichi hiyo hiyo: seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, swichi ile hukatwa kwa mkasi wa kijenetiki uitwao CRISPR, mgonjwa hupewa dawa kali za kuusafisha uloto wake wa zamani, kisha seli zake hurudishwa mwilini zikaanza upya kutengeneza himogilobini ya utotoni. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa bei hiyo hata mkoa mzima wa Tanga ukichanga, tungetibu watoto wa kuhesabika, ilhali ugonjwa wenyewe umejikita hapa pwani kwa sababu ya malaria: Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, na kwa hiyo imebaki nyingi katika koo zetu.

Kilichopo kwa mtoto wa wifi leo ni cha kawaida zaidi, na kinafanya kazi. Ipo haidroksiyurea, kidonge kinachorudisha kwa kiasi fulani himogilobini ile ile ya utotoni bila kugusa jeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto zaidi ya 600 katika nchi nne za Afrika, Kilifi ya pwani hii hii ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ulikuta kwamba maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Ipo kliniki ya kila mwezi, foliki asidi na chandarua. Upo pia upandikizaji wa uloto, ambao ndiyo tiba ya seli shina ya siku nyingi kuliko zote, na ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma iliuanza kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Upandikizaji huo nao si jambo jepesi, maana dawa zinazotumika zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa baadaye na seli za damu zilizopandikizwa zinaweza kuushambulia mwili wa mwenyeji, kwa hiyo madaktari hupendelea mtoaji awe ndugu wa baba na mama mmoja. Uwezekano wa tishu za ndugu mmoja kulingana kabisa na za mgonjwa ni 1 kati ya 4. Kijana wetu ana mdogo wake wa kike. Nimemwambia wifi kwamba kliniki ijayo aulize kuhusu kipimo cha kulinganisha, na kabla ya hicho binti apimwe selimundu, kwani akiwa amerithi jeni kwa mzazi mmoja tu bado anaweza kumtolea kaka yake uloto, lakini akiwa naye ni mgonjwa haitawezekana.