Karatasi ya Maneno 24 na Unyevu wa Mikindani

Ninaishi Mikindani, mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini, katika nyumba ambayo upepo wa bahari huingia mchana kutwa na kuacha chumvi kwenye nondo za madirisha. Naanza na upepo huo kwa sababu nusura unipotezee akiba ya miaka mitatu.

Akiba hiyo ni sarafu za kidijitali, nyingi zikiwa Bitcoin, nilizonunua kidogo kidogo kila baada ya msimu wa korosho. Mwanzoni niliziacha kwenye soko la mtandaoni nililonunulia, mpaka akaunti yangu ilipofungwa kwa siku 11 kwa kile walichokiita uhakiki. Fedha zilirudi salama, lakini katika siku hizo nilielewa jambo ambalo kila mkulima wa Tandahimba aliyewahi kupeleka magunia ghalani analijua: ukishapokea stakabadhi, korosho hazimo tena mikononi mwako, na ulichobaki nacho ni ahadi. Tofauti ni kwamba stakabadhi ghalani ina sheria na mnada wa wazi, na chama cha msingi kina ofisi unayoweza kuifuata kwa miguu. Mt. Gox, soko la Bitcoin la Tokyo, lilipoanguka Februari 2014, lilitangaza kwamba Bitcoin zipatazo 850,000 zimepotea, na wateja wake walisubiri miaka kumi ndipo malipo yakaanza kuwafikia. Sisi huku tuna pa kukimbilia padogo zaidi. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na ingawa Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, kulipa kodi si sawa na kuwa na mahali pa kudai.

Ndiyo maana nilinunua pochi ya maunzi, kifaa kidogo kama flashi chenye kioo na vitufe viwili. Mjomba wangu alipokuja kututembelea alikigeuzageuza mkononi, kisha akauliza, "Mwanangu, sasa hiki kikianguka baharini, hela ndiyo imekwenda?"

"Hapana, Mjomba. Hela haimo humu. Humu mna ufunguo tu, na ufunguo una nakala."

"Nakala iko wapi?"

Swali lake lilikuwa kiini cha mambo yote. Sarafu zenyewe hazikai ndani ya kifaa. Zimeandikwa kwenye daftari la pamoja ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na anayeweza kuzihamisha ni mwenye ufunguo wa siri. Kazi ya kifaa ni kuutunza ufunguo huo usiguse intaneti hata mara moja. Ninapotaka kutuma, kompyuta hukipa kifaa maelezo ya muamala, kifaa hunionyesha anwani ya mpokeaji na kiasi kwenye kioo chake chenyewe, nami nikibonyeza kukubali hutia saini kwa ufunguo huo na kurudisha saini peke yake. Kioo hicho kidogo ndicho ninachokiamini, kwa kuwa zipo programu haribifu ambazo hubadilisha anwani uliyoinakili bila wewe kuona. Mimi huisoma anwani yote, herufi kwa herufi, hata kama inachosha.

Nakala aliyoiulizia Mjomba ilikuwa karatasi yenye maneno 24, ambayo kifaa hukupa siku ya kwanza ili uweze kuurejesha ufunguo kikipotea au kikiharibika. Nilikwenda kuitoa chini ya sanduku la nguo. Ilikuwa imelowa unyevu, imenata kwenye bahasha, na wino wa kalamu ulikuwa umesambaa kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Herufi za mwisho za neno la 11 na la 19 hazikusomeka. Mikono ilinitetemeka.

Nilichosaidiwa nacho ni busara ya waliotunga utaratibu huo mwaka 2013: maneno huchaguliwa kutoka orodha ya 2,048, na herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha kulitambua. Herufi hizo zilikuwa bado zinaonekana. Naongeza hapa jambo linaloniuma. Orodha rasmi zipo za Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kifaransa na hata Kicheki, lakini Kiswahili hakimo, kwa hiyo mama zetu wanalazimika kunakili maneno ya Kiingereza wasiyoyajua, na kosa moja la tahajia linaweza kuwagharimu kila kitu.

Siku iliyofuata nilinunua kipande cha chuma cha pua kwa fundi wa magrili, nikaazima vyuma vya kugongea herufi, nikafunga mlango na kugonga herufi nne za kila neno mimi mwenyewe. Fundi angeifanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini atakayeyaona maneno hayo ana uwezo wa kuchukua kila kitu bila hata kukigusa kifaa. Kwa sababu hiyo hiyo sikuyapiga picha. Mtu yeyote anayekuomba maneno yako, kwa simu, kwa barua pepe au kwa tovuti yenye nembo ya kampuni, ni ndugu wa wale wanaotutumia ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Vilevile, kifaa kikija na maneno yaliyokwisha kuchapishwa kwenye boksi, kiweke kando. Aliyeyachapisha anakusubiri uweke fedha.

Chuma hicho sasa kipo mahali ambapo sitapaandika hapa. Mwezi uliopita nilimketisha mdogo wangu, ambaye ndiye atakayebaki na wanangu nikitangulia, nikakosea namba ya siri mara tatu kwa makusudi hadi kifaa kikajifuta, kisha nikampa chuma na kukaa kimya. Alitumia karibu dakika arobaini. Mara ya kwanza alikosea neno moja, na kifaa kikakataa. Alirudia kwa kidole juu ya kila mstari, na salio likatokea.

"Dada," akasema, "sasa nimeelewa unachokificha."