Toa Sauti Zako Nje Kabla ya Kubadilisha Programu ya Kurekodia

Kompyuta mpakato ninayorekodia ilitengenezwa mwaka 2012, na kwa miaka mingi sikuigusa programu yake ya kurekodia kwa sababu ilinitosha kabisa. Kilichonisukuma kuibadilisha ni mradi wa wimbo alioniletea mwenzangu, ambao ulikuwa umetengenezwa kwa toleo jipya la programu hiyohiyo. Toleo langu likakataa kuufungua. Ndivyo zilivyo programu nyingi za aina hii: toleo jipya husoma miradi ya zamani, lakini toleo la zamani halisomi miradi mipya. Toleo jipya nalo lilidai mfumo endeshi mpya zaidi, basi nikavibadilisha vyote viwili usiku mmoja, huku nikiwa na nyimbo mbili ambazo hazijakamilika. Hapo ndipo nilipokosea.

Asubuhi yake nilifungua wimbo mmojawapo, niliokuwa nimeuhangaikia kwa wiki kadhaa. Treki zote, yaani sauti mojamoja zinazounda wimbo, zilikuwepo, kila moja mahali pake na kwa rangi yake, ila kwenye treki ya mwimbaji, pale palipokuwa na plagini nne (programu ndogo za kuongezea sauti madoido), nilikuta visanduku vinne vya kijivu vyenye majina matupu. Nilipoucheza, sauti yake ilitoka kavu, karibu mno na sikio, kana kwamba ameimbia ndani ya kabati. Nikashika tama. Mwangwi uliokuwa ukiibeba sauti ile ulitokana na plagini ndogo ya biti 32 ambayo mtengenezaji wake aliacha kuiendeleza zamani, nami sikuwa nimeandika vipimo vyake popote. Vipimo hivyo vilikuwa bado vimo ndani ya mradi, lakini vimehifadhiwa kwa namna ambayo plagini yenyewe tu ndiyo ingeweza kuvisoma.

Inafaa kueleza kwa nini jambo hili huwapata watu wengi wenye mashine za zamani. Programu ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, kwa kuwa biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296 tu na kila anwani ni ya baiti moja. Kwa anayerekodi gitaa na sauti, kiasi hicho hutosha. Kwa anayetumia piano iliyorekodiwa kitufe kwa kitufe, kila kimoja kwa viwango kadhaa vya nguvu ya kidole, huisha mapema. Kwa hiyo watengenezaji wa programu za kurekodia walihamia biti 64, isiyobanwa na kikomo hicho, mmoja baada ya mwingine. Pro Tools 11 ilihama mwaka 2013 na kuziacha nyuma plagini za muundo wake wa zamani, RTAS, Cubase 9 ikaacha kupokea plagini za biti 32 mwaka 2016, na Live 10 ikatoka mwaka 2018 ikiwa ya biti 64 pekee. Mwaka 2019 mfumo endeshi wa kompyuta za Apple, macOS Catalina, ulifunga mlango kabisa kwa programu zote za biti 32. Kabla ya hapo kulikuwa na programu ndogo za kati zilizofanya kazi ya daraja, zikiiendesha plagini ya biti 32 pembeni na kuipitisha sauti yake kwenye programu ya biti 64, lakini pale mfumo endeshi wenyewe unapokataa, hata daraja hukosa pa kusimama.

Somo nililolipata, na ambalo ningependa kila anayerekodi alizingatie, ni kwamba faili la mradi si wimbo. Ni maagizo: faili fulani la sauti lianze sekunde fulani, lipite kwenye plagini fulani, lishushwe kiasi fulani. Sauti zenyewe ziko kwenye folda ya pembeni, na hizo ndizo mali yako. Kabla ya kugusa programu, fungua kila mradi unaoujali na utoe kila treki kama faili la WAV, zote zikianzia mwanzo kabisa wa wimbo hata kama ala fulani inaingia dakika ya tatu, ili siku ya kuzipanga upya zikae sawa bila kukisia. Toa nakala mbili, moja ikiwa kavu na nyingine ikiwa na plagini zake, kisha uandike kasi ya wimbo kwenye jina la folda. Ala zinazochezwa kwa MIDI, yaani kwa maagizo ya noti badala ya sauti iliyorekodiwa, zitolewe pia kama mafaili ya MIDI. Usiogope ukubwa: treki moja ya mono (ya mkondo mmoja wa sauti) inayopimwa mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo, au sampuli, kikiwa cha biti 24, hutumia baiti 144,000 kila sekunde, yaani takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 wenye treki 20 za namna hiyo haufiki megabaiti 700.

Mimi niliokolewa na kitu kimoja ambacho sikukipanga. Nilipobadilisha mfumo nilikuwa nimechomoa diski ya zamani na kuweka SSD, diski ya kasi zaidi, na ile ya zamani sikuifuta. Niliitia kwenye kasha la USB, nikaiwasha kompyuta kwa kutumia hiyo, na programu yangu ya zamani ikafunguka na plagini zake zote zikiwa hai. Ilikuwa polepole mno, lakini nilikaa nayo siku mbili nikitoa treki moja baada ya nyingine. Kama ningeifuta ili nipate nafasi ya kuhifadhi vitu vingine, kama nilivyokuwa nimekusudia, mwangwi ule ungekuwa umepotea moja kwa moja.

Kuhusu mashine yenyewe, SSD na kuongeza kumbukumbu kutoka gigabaiti 4 hadi 8 vilisaidia sana katika kufungua miradi na kupakia ala zilizorekodiwa kitufe kwa kitufe kama ile piano. Havikuongeza hata chembe ya nguvu ya prosesa, na prosesa ndiyo inayoamua ni plagini ngapi zitaendeshwa kwa pamoja. Toleo jipya ni zito kuliko lile la awali. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata, ikiwa sampuli 128, ambayo kwa 48,000 ni ucheleweshaji wa milisekunde 2.7 hivi, sauti ilianza kukwaruza nilipofika plagini ya tano. Kwa sasa ninagandisha treki zilizokamilika, yaani nazigeuza kuwa sauti tupu ili plagini zake zisiilemee prosesa, narekodi kwa 128, kisha napandisha bafa hadi 1024 wakati wa kumiksi, kwa kuwa wakati huo milisekunde 21 hazimsumbui mtu. Mwimbaji huisikiliza sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya sauti, bila kuipitisha kwenye kompyuta, na tangu hapo hajalalamika kwamba anajisikia akichelewa.

Angalia pia kama draiva ya kadi yako ya sauti ipo kwa mfumo unaohamia, na kama programu mpya inadai AVX2, seti ya maagizo ambayo prosesa yenyewe lazima iwe nayo. Maagizo hayo yaliingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2013, kwa hiyo mashine kama yangu haina, wala hakuna diski au kumbukumbu itakayoyaleta. Kwa mwenye mashine dhaifu zaidi ningemshauri aijaribu Reaper, programu nyingine ya kurekodia, kabla ya kulazimisha toleo zito la programu aliyoizoea. Ni nyepesi, na kwenye Windows toleo lake la biti 64 lina daraja lake lenyewe la kupokea plagini za biti 32.

Wimbo ule tuliumaliza ndani ya programu mpya. Mwangwi wa mwimbaji sasa ni faili la WAV lililo kwenye treki ya peke yake. Siwezi kuurefusha wala kuufupisha, bali kuupandisha na kuushusha tu, na kwa wimbo ule ilitosha. Diski ya zamani bado imo kwenye kasha lake, nimeibandika karatasi yenye jina la programu, namba ya toleo na namba ya mfumo endeshi, na kila baada ya miezi michache naiwasha kuhakikisha kwamba bado inafunguka.