Mjomba na shokapu nne ndogo

Juzi jioni nilipita kwa fundi pikipiki wa mtaani kuchukua tairi niliyompelekea kuziba. Nikamkuta ameing'oa shokapu ya mbele ya bodaboda, anaijaza mafuta kwa bomba la sindano. Alipomaliza akashika bomba la ndani, akawa analipandisha na kulishusha polepole huku kichwa kakilaza upande. Anasikiliza. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nina shida nyingine.

Sikuwa na shida. Kwa mawazo nilikuwa nimeshafika Magomeni, barazani kwa Mjomba, Jumapili ile tuliyofunga shokapu za gari langu dogo.

Gari lenyewe ni la rimoti, aliloniletea binamu kutoka Muscat: modeli ya TT-02 ya kampuni ya Tamiya, lenye bodi ya Subaru Impreza ya buluu. Ni saizi ya moja ya kumi ya gari halisi, mota moja, shafti imepita katikati kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Chesisi hiyo imetoka mwaka 2013 na mpaka leo inauzwa, na kwa anayeanza bado naisifia. Ila shokapu zinazokuja kwenye boksi lake hazina mafuta. Ni plastiki, springi na grisi kidogo basi. Kinachoizuia springi isiendelee kudunda ni msuguano wa plastiki kwa plastiki. Kwenye lami iliyonyooka unaweza usione tatizo. Uani kwetu kuna pevingi, na nyingine zimenyanyuliwa na mizizi ya mwarobaini. Gari likifika hapo kwa kasi lilikuwa linadunda, matairi ya nyuma yanaachia, linageuka lilikotoka.

Baadaye binamu akatuma paketi mbili za shokapu za mafuta, zile fupi nyeusi za plastiki, mbili mbili, pamoja na kichupa cha mafuta ya silikoni namba 400, namba ikipanda mafuta yanakuwa mazito zaidi. (Wenye chupa za kampuni ya Team Associated, ambao namba zao ni tofauti, yanayokaribiana nayo ni ya 35.) Mimi roho yangu ilikuwa kwenye za alumini nilizokuwa naziona kwenye picha, za buluu, zinang'aa. Lakini zilizofika ndizo hizo.

Mwaka ule Mjomba alikuwa ameacha kazi. Mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga, la kushoto linaona vivuli. Mtu aliyefungua shokapu za pikipiki miaka yote hiyo sasa alikuwa anakaa barazani tangu asubuhi, redio pembeni, anawatambua wapita njia kwa salamu zao. Nilitandika mkeka karibu yake kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga wa kutosha, nikaanza kupanga vitu.

"Unafunga nini, mjomba?" akaniuliza.

"Shokapu, Mjomba. Za hili gari dogo."

"Za mafuta?"

"Za mafuta."

Akazima redio, akanyoosha mkono.

Nikamwekea kiganjani mwili wa shokapu moja, halafu shafti, halafu oringi mbili, zile pete za mpira, ndogo kabisa. Akazigusa moja moja kwa ncha ya kidole gumba. "Hizi ndizo sili zake," akasema, na wala hakuwa anauliza. "Zipake mafuta kwanza ndiyo upitishe shafti. Ukipitisha kavu utazichana, halafu utakuja kusema shokapu mbovu." Nikampa pistoni, vile visahani vyenye matundu ya kupitisha mafuta, vinavyobanwa kwenye shafti. Kwenye paketi zinakuja za aina tatu: yenye tundu moja, yenye mawili na yenye matatu. Akazipitishia ukucha, akazihesabu matundu bila kuniuliza, akaitenga yenye matatu.

"Hapo uani pana mashimo. Weka hii."

Nilikuja kuelewa vizuri baadaye sana kwa nini alichagua vile. Matundu yakiwa machache au membamba, gurudumu likigonga kitu kwa ghafla mafuta hayawahi kupita, shokapu inakuwa kama imefungwa na gari zima linanyanyuka. Matundu yakiwa mengi na mafuta mazito kiasi, ukiisukuma taratibu kwa mkono utaona uzito uleule, lakini kwenye pigo la ghafla inapitisha. Wengi wetu tunabadili mafuta tu, leo 300, kesho 500, na pistoni hatuigusi kabisa. Ningeshauri kuanza na pistoni.

Alitaka tutumie mafuta yake ya shokapu za pikipiki yaliyokuwa bado kabatini. Nikamweleza kwamba raba za hizi zinataka silikoni, hayo yake yanayotokana na mafuta ghafi yanaweza kuzivimbisha. Hakubisha. Akaomba tone, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. "Haya hayana harufu hata kidogo," akasema, akawa anayasugua tu kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini. Kisha: "Haya. Mimina."

Kazi ya klipu ya kubania pistoni ilikuwa yangu, kwa sababu vidole vyake ni vinene na klipu yenyewe ikiruka huioni tena. Kujaza ilikuwa yake. Alishika mwili wa shokapu wima kwa mkono wa kushoto, shafti ikiwa imevutwa chini kabisa, mimi nikamimina mpaka karibu na ukingo. Akaanza kuipandisha pistoni, taratibu mno, akaishusha vilevile. Viputo vikaanza kupanda, vikubwa kwanza, vinafika juu vinapasuka. Kazi yangu ikawa kumtajia.

"Bado vinatoka, Mjomba."

"Najua."

Akaisogeza sikioni. Mafuta yalikuwa yanamtiririka kwenye kidole cha shahada mpaka kifundoni na hakuyafuta. Mimi niliona juu pametulia kabisa, nikamwambia tayari. Akatikisa kichwa. "Inalia." Akapandisha, akashusha. Nikainama mpaka pua karibu iguse ukingo. Sikusikia kitu chochote, wala sikuona kitu. Akapandisha mara nyingine, akaigonga ubavuni kwa ukucha, na kutoka chini ya pistoni kikatoka kiputo kimoja, kidogo kuliko kichwa cha pini, kikapanda kikakaa juu pale kama kinasubiri kuruhusiwa.

"Hicho," akasema.

Alikuwa hakioni, na mimi nilikuwa sijamwambia.

Kiwambo cha mpira tukakiweka juu, mafuta yaliyozidi yakamwagika mkekani. Kifuniko akakifunga mwenyewe huku shafti ikiwa imeingia nusu. Ukifunga ikiwa imevutwa yote, hiyo shafti ikirudi ndani haina nafasi, na shokapu itakuwa inajisukuma yenyewe nje. Hilo halikuwa kwenye maneno yake. Aliingiza nusu, akafunga, akaijaribu, akaridhika.

Za pili, tatu na nne zilikwenda haraka. Jua lilikuwa linazama na shangazi alishaita chakula.

Kabla sijazifunga kwenye gari akaniambia nimpe za mbele mbili kwa pamoja, bila springi. Akazisimamisha sakafuni, shafti zikiangalia chini, akazikandamiza kwa viganja viwili kwa wakati mmoja. Zikashuka pamoja. Akanirudishia. Akachukua za nyuma, akazikandamiza, akarudia, akafumba yale macho ambayo hayakuwa yanamsaidia.

"Ya kushoto ina hewa."

Nikazichukua, nikazikandamiza mimi. Kwangu zilikuwa sawasawa. Plastiki yenyewe nyeusi, hata ukiiweka kwenye taa huoni ndani. Na kichupa kilikuwa kimekauka, tone la mwisho lilishaingia kwenye hiyohiyo ya nne. Mafuta mengine yalikuwa Muscat.

"Basi ifunge hivyo hivyo," akasema, lakini uso wake haukupenda.

Nikafunga. Nikalinyanyua gari usawa wa goti, nikaliachia. Zamani lilikuwa likitua linadunda, linadunda tena, ndipo linatulia. Safari hii ulisikika mlio mmoja, mfupi, basi. Mjomba akageuza shingo upande wa sauti na akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu afunge gereji. Tukatoka uani, watoto wa jirani wakaja mbio. Nikalipitisha kwenye pevingi zilizonyanyuka, mara ya kwanza polepole, halafu kwa kasi yote. Likapita. Ukiangalia kwa karibu ungeona magurudumu yanapanda na kushuka huku bodi imetulia juu yake. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu, anasikiliza matairi.

"Nyuma kushoto," akasema lilipokata kona karibu yake. "Umesikia?"

Sikusikia. Nilisema ndiyo, kwa adabu.

Shokapu za alumini nilikuja kuzinunua, na ni nzuri. Kimo cha gari unakirekebisha kwa kuzungusha ringi, huhangaiki na vipande vya plastiki vya kupachika juu ya springi, na uzi wa kifuniko hauchakai upesi. Lakini kutoka zile za grisi kwenda zile nyeusi za mafuta ndipo gari lilipobadilika kweli. Kutoka nyeusi kwenda alumini, tofauti unaihisi zaidi mkononi wakati wa kufungua na kufunga kuliko uani linapokimbia. Anayeniuliza anunue zipi namwambia hivyo, na namwambia azilinganishe mbili mbili kabla ya kuzifunga, hata kama zimetoka dukani zimeshajazwa.

Mwaka uliofuata Mjomba alifanyiwa upasuaji na jicho la kushoto likarudi. Akafungua tena gereji, asubuhi na mapema yuko kazini, na lile gari dogo hakuligusa tena. Siku moja nilimkuta amepumzika, nikampa shikamoo, nikamuuliza kuhusu ile shokapu ya nyuma kushoto. Aliniangalia kwa muda, akasema hakumbuki, nimletee anitazamie. Nilipoifungua mwenyewe usiku ule oringi zilikuwa zimeshachoka, mafuta yamevuja kiasi, na hewa imo. Ingekuwemo tu kwa wakati huo, hata kama siku ile haikuwemo. Niliijaza upya, nikaifunga, na sijui kwa nini sikumpelekea.