Kumbe hakuwa mkaidi: nilivyomuuguza mwanangu baada ya kutolewa mafindofindo na kuwekewa vijibomba masikioni

Mwanangu wa pili nyumbani tunamwita Babu, kwa sababu amebeba jina la babu yake mzaa baba. Ana miaka minne. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa na jina jingine ambalo nikilikumbuka naona aibu: mkaidi. Unamwita aje kuoga, hageuki. Unamwambia apunguze sauti ya tivii, anaongeza. Mwalimu wake wa chekechea alinieleza kwa upole kwamba mtoto anafanya makusudi. Shangazi yake alikuwa hachoki kumtolea methali, sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nacheka. Siku moja nilimzaba kibao kwa kutoniitikia. Nalisema mapema nisije nikalificha.

Hospitali tulikwenda kwa ajili ya kukoroma, wala si masikio. Alikoroma kama mzee aliyetoka shamba, kisha kimya, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Usiku mmoja nilihesabu kile kimya mpaka kumi na mbili. Nikawasha taa nikamrekodi kwa simu, kifua kikionekana. Kama kuna jambo nililofanya vizuri katika safari hii ni hilo, maana mchana mtoto anakaa mbele ya daktari anapumua na kucheka, mama unaonekana mwoga tu. Sisi tunaishi Morogoro. Daktari wa masikio, pua na koo tulimfuata Dar es Salaam. Aliitazama ile video mara mbili, akammulika kooni, halafu akaanza kuniuliza habari za masikio ambazo sikuwa nimemgusia.

Akampima kwa kifaa chenye kizibo laini kinachoingia sikioni. Sikio lenye afya huchora kilima kwenye karatasi. Masikio ya Babu yote mawili yalichora mstari uliolala. Daktari akanifafanulia: nyuma ya pua kuna nyama zimevimba, zimeziba kijia cha kupitisha hewa kwenda sikio la kati, hewa isipofika, majimaji yanajaa nyuma ya ngoma ya sikio mpaka yanakuwa mazito kama gundi. "Mama, huyu anawasikia kama mtu aliyezama kwenye pipa la maji." Nilimwangalia Babu akizungusha kiti cha daktari, nikakumbuka kile kibao.

Kazi ikawa tatu kwa mpigo: kutoa mafindofindo, kutoa nyama za puani, na kuweka kijibomba kwenye kila ngoma ya sikio, kidogo kuliko punje ya mchele, ili hewa ipate njia. Bima ililipia upasuaji, vijibomba tukalipa mfukoni.

Mama mkwe aliposikia kisu alisema tatizo ni kimeo, na kwamba yupo mzee anakata kwa dakika moja tu, wala hulazi mtoto. Sikubishana naye. Nilimpigia daktari nikampa mama simu. Wakaamkiana vizuri, kisha daktari akamweleza kwamba kukata kimeo hakufungui pua wala sikio, na kwamba mtoto anaweza kuvuja damu au kupata pepopunda. Mama akarudisha simu akasema, "Huyu kijana ana adabu." Mjadala ukafungwa.

Tarehe ya kwanza iliharibika kwa sababu ya nusu andazi. Tulifikia kwa wifi yangu Kinondoni. Nilimwambia wifi kwamba mtoto asile chochote baada ya saa sita usiku, ila sikumwambia kwa nini, naye alfajiri akamwonea huruma akampa. Sisi tulilijua hilo baadaye. Pale mapokezi ya thieta, yule mtaalamu wa usingizi alimwinamia Babu na kumuuliza kwa sauti ya juu amekula nini, naye akajibu kwa fahari, "Andazi!" Tukarudishwa. Nilikasirika, lakini nilipoelezwa kwamba mtu akiwa kwenye nusu kaputi chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni, nilimshukuru Mungu kwa mtoto asiyejua kuficha. Kwa hiyo mwambie kila mtu aliye ndani ya nyumba, hata msichana wa kazi, hata mgeni, na umweleze sababu.

Wiki ile ya kusubiri tuliitumia kucheza. Nilikata chini ya kikombe cha plastiki, tukawa tunakiweka puani kwa zamu, kama kile kifaa cha kuvutia dawa ya usingizi, na kupuliza kama tunajaza puto. Mwanasesere wa binamu yake alipewa nusu kaputi labda mara hamsini. Sikumwambia kwamba hatasikia maumivu kabisa. Nilimwambia ataamka koo linauma, na mimi nitakuwa hapo.

Mlangoni mwa thieta hawakuniruhusu kupita. Muuguzi alimbeba, Babu akanipungia mkono kama anakwenda sokoni. Chini ya saa moja baadaye niliitwa, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliamka akipiga mayowe, akanikwaruza uso, akataka kung'oa kanula, kile kibomba cha kuingizia dawa mshipani, macho yako wazi lakini hanioni. Muuguzi alisema ni dawa inatoka, itapita. Ilichukua kama nusu saa. Baadaye akatapika damu nyeusi kidogo, ile aliyoimeza wakati wa upasuaji. Nalo nikaambiwa ni la kawaida mara moja, likijirudia niseme. Tukalala wodini usiku mmoja.

Hospitali ilikuwa kazi ya madaktari. Ya kwangu ilianzia nyumbani kwa wifi, na yote ilikuwa kumnywesha. Koo lisipolowana linakauka, likikauka linauma zaidi, likiuma hataki kumeza. Siku mbili za mwanzo alinidanganya, anakimbia, anaomba chipsi. Siku ya nne akafunga mdomo. Anatema hata mate. Nikachukua bomba la sindano la mililita 5, bila sindano bila shaka, nikawa namdondoshea maji ya dafu pembeni ya shavu kila katuni ikienda kwenye matangazo. Matangazo ya tivii yalikuwa saa yangu. Nilihesabu pia anakojoa mara ngapi. Mkojo ulipokuwa wa njano iliyokolea, niliongeza. Uji mwembamba uliopoa ulikubalika, na aiskrimu ya vanila. Barafu za ubuyu alizoletewa na jirani nilizirudisha kwa heshima kwa sababu ya ukakasi wake, na juisi ya rozela nikaipiga marufuku kwa sababu nyingine: akitapika, utajuaje kama ni juisi au damu?

Dawa ya maumivu nilimpa kwa saa, sikusubiri alie. Ni parasetamo ya maji, kwa kipimo alichoandika daktari kulingana na kilo zake 16, hata saa nane za usiku nikimwamsha. Wifi alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi yenye kodini, akaniambia hiyo inalaza vizuri. Daktari alikuwa ameshanionya: kodini haipewi mtoto chini ya miaka 12, hasa aliyetoka kutolewa mafindofindo, kwa sababu kuna miili inayoigeuza kuwa mofini haraka mno, mtoto akapungua pumzi usingizini. Ile chupa niliificha juu ya kabati.

Siku ya tatu niliona kooni utando mweupe, na mdomo unanuka kama samaki wa juzi. Nikajua ni usaha. Muuguzi akanicheka kwa simu: ni kigaga cha kidonda, kwa mdomoni huwa cheupe. Akaniambia kigaga hicho kinabanduka kati ya siku ya tano na ya kumi, na hapo ndipo damu huweza kutoka, kwa hiyo nisithubutu kurudi Morogoro.

Usiku wa siku ya saba niliamshwa na sauti ndogo. Babu amelala, lakini anameza. Anameza, anameza, anameza. Nikamulika kwa simu, nikaona mstari mwekundu kwenye pembe ya mdomo na doa kwenye foronya, jekundu mbichi. Sikufikiri mara mbili. Nilimkalisha, nikamwinamisha mbele ili ateme badala ya kumeza, wifi akakimbia kuita bajaji. Saa tisa usiku barabara nyeupe, dereva hakuuliza nauli. Tulipofika damu ilikuwa imeshakata yenyewe. Walimwekea dripu, wakapima wingi wa damu, wakatushikilia mpaka jioni. Kama ningekuwa kule Morogoro, na yule ni mtoto wa kilo 16, sijui ingekuwaje.

Masikio, ukiniuliza, hayakunisumbua kabisa. Matone siku chache, pamba yenye mafuta ya mgando wakati wa kuoga, na asipige mbizi. Vijibomba vitatoka vyenyewe, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 18, sisi tunarudi kliniki kuangaliwa tu. Alipolalamika sikio siku ya tano kumbe lilikuwa koo. Maumivu ya koo na ya sikio yanapita mshipa mmoja wa fahamu.

Kilichobadilika kilionekana tangu asubuhi ya kwanza wodini, nami kwa uchovu sikukielewa. Babu alikaa kitandani ameziba masikio kwa viganja, ananuna. Nikadhani yanauma. Akanyoosha kidole dirishani: kunguru. Kunguru wa Dar es Salaam, wamejaa juu ya bati.

Wiki mbili zilipotimia tulirudi Morogoro kwa treni. Mama mkwe alikuwa anatusubiri barazani, na kwa mazoea ya mwaka mzima akapaza sauti mpaka majirani wakatoka: "Mume wangu! Njoo hapa nikuone!"

Babu akasimama getini, akakunja uso. "Bibi, mbona unanipigia kelele?"