Siku moja karakanani Mtwara: kisu cha korosho, kingo ya tela na wavu wa mpira

Saa 1 asubuhi. Kabla ya mashine yoyote kuwashwa, linafunguliwa friji bovu lililoegemezwa ukutani. Ndani hamna soda. Kuna balbu ya wati 60 iliyowaka usiku kucha, na pakiti za vijiti vya kuchomelea. Upepo wa bahari hapa Chikongola unabeba unyevu na chumvi, na kijiti kilichonyonya maji hutema cheche ovyo, kisha kinaacha mshono wenye vitundu kama mkate wa kumimina. Ieleweke tu kwamba balbu haikaushi kijiti kilicholowa, inakilinda kilicho kikavu kisilowe. Kijiti cha 7018, aina inayochukia unyevu, kikishanyonya maji kinataka tanuri la nyuzi 350 kwa saa moja au mbili. Kijiti cha aina ya 6013 ni kivumilivu zaidi, ndiyo maana kazi nyingi za karakana ndogo zinafanywa nacho.

Saa 2. Kazi ya kwanza ni mashine ya kubangulia korosho, ile ya kanyagio na mkono. Mbanguaji anaweka korosho moja kati ya visu viwili vilivyopinda kufuata umbo lake, anakanyaga, visu vinauma ganda pande zote mbili, kisha anazungusha mkono na ganda linapasuka. Ganda la korosho lina unene wa kama milimita 3, na punje iko hapo hapo nyuma yake. Kwa hiyo kisu kiingie milimita 3 kisimame. Kikiingia 4, unauza vipande kwa bei ya vipande.

Malalamiko yaliyokuja na mashine hii ni mafupi: "Fundi, kisu kinakula punje." Ukiiangalia, bolti ya kuzuia ipo, na imekazwa vizuri. Tatizo ni mahali ilipo. Aliyeiunda aliiweka chini, kwenye kanyagio. Mguu mzito ukishuka, kanyagio linasimama pale lilipopangiwa, lakini fimbo ndefu inayopanda juu inapinda kidogo, fremu nayo inanyumbuka, na kisu kinaendelea na safari yake milimita nzima. Kizuizi kinatakiwa kiwe jirani na kitu kinachozuiwa. Basi bolti inahamishwa juu, inagonga moja kwa moja kwenye kishikio cha kisu.

Linatobolewa tundu la milimita 8.5 kwenye flati baa ya milimita 12, linakatwa uzi wa M10 taratibu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili chuma kilichokatwa kidondoke, na tone la mafuta kila mara. Uzi wa M10 wa kawaida unasogea milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo robo mzunguko ni karibu milimita 0.4. Hicho ndicho kipimo cha kazi yote. Kichwa cha bolti kinachorwa mstari wa chaki, na kwenye uzi wake inakaa nati ya kufungia. Bila nati hiyo, mtetemo wa mikanyago ya asubuhi moja unatosha kuirudisha bolti ulikoitoa.

Visu vyenyewe vinatoka kwenye springi za majani za gari chakavu. Chuma kinapashwa moto hadi sumaku iache kukishika, kinazamishwa kwenye mafuta, kinasuguliwa kwa msasa hadi king'ae, kisha kinapashwa tena polepole hadi rangi ya majani makavu itokee. Hapo simama. Ukiiacha ifike bluu, makali yatakuwa laini mno kwa kazi hii. Wengi wanaharibu mwishoni kabisa, wakati wa kunoa kwa grinda: ncha inageuka bluu kwa sekunde mbili, mtu anaipoza kwa maji na kudhani imepona. Haijapona. Noa kwa tupa laini au jiwe, au gusa grinda na uchovye maji kila baada ya mguso.

Springi ya kurudisha kanyagio ni ya stendi ya pikipiki. Ikiwa legevu, kisu kinachelewa kupanda na vidole vinawahi kuingia.

Saa 4. Majaribio. Korosho zilipikwa kwa mvuke jana na kupoa usiku kucha, na zimechekechwa makundi matatu: ndogo, za kati na kubwa. Usijaribu mashine kwa korosho zilizochanganywa. Hutajua kosa ni la kisu au la korosho. Zinapita 100 za kati, kisha zinahesabiwa nzima, zilizopasuka na zilizogoma kufunguka. Zilizopasuka zikiwa nyingi, kisu kinapunguziwa njia kwa robo mzunguko wa bolti. Zilizogoma zikiwa nyingi, kinaongezewa robo. Zote mbili zikiwa nyingi kwa pamoja, acha bolti kabisa: visu havitazamani sawasawa, legeza vishikio upange upya.

Mama anayejaribu amejipaka mafuta ya kula mikononi, kwa sababu mafuta ya ganda yanababua ngozi. Kwenye kisu nako yanaganda kama gundi, na unene wa gundi hiyo ni kipimo ambacho hukukipanga. Kisu kifutwe kila saa.

Saa 5. Tela limerudi nyuma hadi mlangoni. Linabeba korosho kutoka Masasi kwenda bandarini na linataka kingo ya nyuma, ile inayozuia gari dogo lisiingie chini ya tela. Marekani wanaiita baa ya Mansfield, kwa jina la mwigizaji Jayne Mansfield aliyefariki mwaka 1967 gari lake lilipoingia chini ya tela. Tatizo ni kimo. Boneti linapita chini bila kugusa kitu, kwa hiyo sehemu ya mbele iliyotengenezwa kujikunja haijikunji, na kinachopokea pigo ni kioo na vichwa.

Kipimo kilichozoeleka kimataifa kwa miaka mingi ni sentimita 55 kutoka ardhini hadi ukingo wa chini, tela likiwa tupu. Ukilipima lina mzigo, springi zimelala na unajidanganya. Dereva ana shaka: "Fundi, hii si itabusu kila tuta?" Anaonyeshwa tairi lake. Tairi la rimu ya inchi 22.5 lina kitovu kwenye kimo cha karibu sentimita 50, kwa hiyo ekseli iko chini kuliko kingo na bado inavuka matuta. Kuhusu matuta, angalia umbali kati ya ekseli ya mwisho na mkia wa tela: mkia ukiwa mrefu, kingo itakwaruza kwenye mteremko wa kupakilia, si kwenye tuta.

Boriti ni bomba mraba la milimita 100, linaishia si zaidi ya sentimita 10 kutoka ukingo wa nje wa matairi kila upande, na ncha zake hazipindwi kuelekea nyuma, zisije zikageuka ndoana kwa wapita njia. Miguu miwili inafungwa kwenye chesisi kwa bolti za M16 za daraja 8.8, nne kila mguu. Matundu yanatobolewa kwenye tumbo la chesisi, yaani uso wake wa wima. Mdomo wa chini, ule uliolala, hauguswi, wala hauchomelewi mshono wa kukatiza, maana ufa unaanzia hapo. Kingo iliyoning'inizwa kwa nondo na kupakwa rangi nyekundu, kama zinavyoonekana barabarani, itazuia kuku.

Halafu riflekta. Matawi yanayotandazwa lami gari likiharibika ni desturi nzuri mchana, usiku hayaakisi kitu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Taa za chini zinamulika mita 40 hivi. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kushtuka, mita 33 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki. Stika za kuakisi zinabandikwa juu ya chuma kilichosuguliwa na kufutwa kwa spiriti. Vumbi likibaki chini yake, mvua ya kwanza inazing'oa.

Saa 7. Ugali, samaki, kivuli cha mwembe. Umeme umekatika, unarudi saa 8 na nusu. Katikati hapo ni kazi ya tupa.

Saa 9. Wavu wa kurudishia mpira, kwa ajili ya mazoezi ya pasi. Bomba mraba moja la milimita 40, lenye urefu wa mita 6, linatoa fremu ya sentimita 148 kwa 148. Shikiza pembe nne kwa vitone vya kuchomelea, kisha pima mikingamo, pembe hadi pembe: yote miwili isome sentimita 209 na kidogo. Ikipishana zaidi ya milimita 3, gonga pembe ndefu sasa hivi, kabla hujamaliza mshono. Kwa bomba la unene wa milimita 2, tumia kijiti cha 2.5 na ampea kama 70. Zaidi ya hapo unatoboa.

Springi za chuma zingeoza kwa chumvi. Badala yake ni vipande vya mpira wa ndani wa pikipiki, upana sentimita 3, vinavyofungwa kwenye vikulabu 36 vya nondo ya milimita 6, tisa kila upande, vikipishana sentimita 15. Kulabu zote zisuguliwe, ncha kali inakata mpira ndani ya wiki. Funga kama unavyokaza nati za tairi: katikati juu, katikati chini, kushoto, kulia, kisha uelekee pembeni. Ukizunguka upande mmoja mfululizo, wavu unavutwa na mpira utarudi ukienda kombo.

Nyavu chakavu za uvuvi ni bei rahisi, ila sokota uzi mmoja kwa vidole kwanza. Ukikatika na kuacha unga, jua limeshaumaliza.

Saa 11. Kiwanjani. Wavu ukisimama wima, mpira unarudi chini chini. Ukilazwa nyuma nyuzi 15 hivi, unapanda hadi kifuani. Mifuko miwili ya mchanga, kilo 20 kila mmoja, inawekwa kwenye miguu ya nyuma kabla mtoto yeyote hajasogea.

Saa 12 jioni. Mashine ya korosho imepitisha makundi yote matatu, na bolti ina mistari mitatu ya chaki, kila mmoja wa kundi lake. Chaki inafutwa, mistari inapigwa upya kwa rangi nyeupe, nyekundu na njano, na spana ya 17 inafungwa kwa mnyororo pembeni ya kanyagio.