Kuzunguka Mont Blanc na mkataba wa bima

Njia ya miguu inayouzunguka mlima Mont Blanc ina urefu wa kilomita 170 hivi na inapita katika nchi tatu: Ufaransa, Italia na Uswisi. Hakuna geti mpakani. Unapanda hadi kwenye shingo ya mlima, yaani pengo la kuvukia kati ya vilele, unapita penye alama, unaanza kuteremka, na tayari uko nchi nyingine yenye utaratibu wake wa uokoaji, hospitali zake na namna yake ya kudai malipo. Kwa hiyo mimi na dada yangu mkubwa tulipokubaliana kuitembea, tulianza na mkataba wa bima ya afya ya safari, viatu vikafuata baadaye.

Bima yenyewe ilikuwa lazima kwa ajili ya visa. Kanuni ya visa ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, namba 810 ya mwaka 2009, inamtaka mwombaji awe na bima ya angalau euro 30,000. Iwe hai katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa kukaa, na igharamie matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen tangu 2008, kwa hivyo cheti kimoja kilitufaa kwa nchi zote tatu. Afisa wa visa hakuhitaji zaidi ya hicho. Sisi tulihitaji zaidi, maana kanuni ile haisemi chochote kuhusu helikopta, wala kutembea kwenye miinuko, wala mtu mwenye pumu.

Dada ana pumu tangu utotoni. Fomu ya maombi ilikuwa na swali moja fupi: je, una maradhi yoyote unayotibiwa au uliyowahi kutibiwa karibuni? Rafiki yake mmoja alimshauri aandike hapana ili ada isipande. Dada alikataa kabisa.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nikibanwa na kifua kule juu, daktari wao ataona dawa ya kuvuta mfukoni mwangu. Hapo nitawaambia imeanza leo?"

Alikuwa sahihi, na ningependa kila msafiri mwenye kisukari, presha au moyo amsikie. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari ni moja ya sababu kubwa za madai kukataliwa, na anayeficha anahatarisha zaidi ya matibabu ya ugonjwa huo tu: kampuni inaweza kuufuta mkataba wote kwa sababu ulijengwa juu ya taarifa isiyo ya kweli. Tulitaja pumu. Kampuni ikaomba barua ya daktari kwamba hali yake imetulia na dozi haijabadilishwa kwa miezi kadhaa, ikaongeza ada, na ikaandika kwa maneno bayana kwamba pumu inalipiwa. Karatasi ile moja ilinipa utulivu kuliko kifurushi chote.

Kisha tukakaa na ramani upande huu na mkataba upande ule, tukisoma ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Huo ndio ukurasa wa kusoma kwanza. Ukurasa wa mbele wenye namba kubwa za fedha hukueleza kampuni italipa hadi kiasi gani. Wa nyuma ndio unaokueleza kama italipa. Kifurushi tulichokuwa tumechaguliwa kilikubali matembezi ya milimani hadi mita 2,000 tu. Ramani ilituonyesha Col de la Seigne, mita 2,516, ambako Ufaransa inakutana na Italia, na Grand Col Ferret, mita 2,537, kati ya Italia na Uswisi. Maana yake ni kwamba sehemu ngumu kabisa za njia tungezipita bila bima, huku cheti kikiwa mfukoni na visa ikiwa kwenye pasipoti. Tulilipia nyongeza ya hadi mita 3,000, ambayo ilikuja na kipengele cha uokoaji wa milimani chenye kikomo chake, tofauti na kikomo cha matibabu.

Kipengele hicho ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ufaransa, uokoaji wa milimani unaofanywa na vikosi vya umma kwa kawaida haumgharimu aliyeokolewa, ingawa hospitali atalipia. Italia inategemea mkoa na uzito wa sababu ya wito. Uswisi, ankara ya helikopta inamfuata aliyebebwa. Mguu uleule uliovunjika kwenye njia ileile una gharama tofauti kulingana na upande wa mlima ulikoangukia.

Tulianzia Chamonix, mji uliofanyiwa Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924. Katikati ya mji pana sanamu za waliofika kileleni mwa Mont Blanc kwa mara ya kwanza mwaka 1786, Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard. Paccard alikuwa daktari, jambo lililomfurahisha sana Dada.

Kabla ya kuanza kutembea Dada alitaka kupanda kilele cha Aiguille du Midi kwa gari la waya. Kutoka mjini, kwenye mita 1,035, kamba inakupandisha hadi mita 3,777 kwa muda mfupi kiasi kwamba masikio hayajazoea. Huko shinikizo la hewa limepungua kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na pwani, na kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Na mkataba wetu uliishia mita 3,000. Nilikuwa nimewaandikia kampuni kuuliza, nao wakajibu kwa barua pepe: mtalii anayepanda kwa chombo cha abiria na kubaki kwenye majukwaa yenye ulinzi analipiwa, anayetoka kwenda kwenye barafu hatalipiwa. Jibu la maandishi nililihifadhi kwenye simu na kuchapa nakala. La mdomo kutoka kwa wakala lingekuwa la kirafiki tu.

Juu kule tuliuona mlango wenyewe. Wapanda milima walikuwa wakifunga kamba viunoni, wakitoka mmoja mmoja kupitia kwenye barafu hadi kwenye ukingo mwembamba wa theluji. Sisi tulibaki ndani ya vizuizi vya jukwaa. Dada alikaa, akavuta dawa yake, akapumua polepole mpaka rangi ikamrudia, tukashuka mapema. Kilele cheupe tulikuwa tumeshakiona kwa karibu vya kutosha.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri: Les Houches, Les Contamines, halafu mteremko mrefu baada ya Col de la Croix du Bonhomme ambapo magoti yanalia kuliko mapafu. Jioni, kwenye vibanda vya wasafiri, mazungumzo yaligeukia bima mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya walikuwa na kadi yao ya bima ya afya, inayowapa huduma za umma kwa masharti ya wenyeji. Nzuri, lakini haimrudishi mtu nyumbani na haimlipii uokoaji. Mwingine alitegemea bima iliyokuja na kadi yake ya benki, na aliposoma masharti pale mezani akagundua inafanya kazi iwapo tiketi imelipiwa kwa kadi hiyohiyo. Bahati nzuri alikuwa ameilipia hivyo. Wawili walikuwa wafadhili wa Rega, shirika la uokoaji wa anga la Uswisi lililoanzishwa mwaka 1952. Ufadhili huo unaheshimika sana, lakini si bima. Shirika linaweza kumsamehe mfadhili gharama kwa hiari yake, halijafunga naye mkataba wa kulipa.

Courmayeur, mji wa Italia, tulipumzika. Bonde la Val Ferret la upande wa Italia ni zuri mno, na sitajaribu kulieleza.

Dada aliteleza tukiwa tumeshavuka Grand Col Ferret na kuanza kuteremkia shamba la malisho la La Peule. Njia ilikuwa na changarawe juu ya udongo mkavu, mguu wa kushoto ukakwama, mwili ukaendelea. Nilisikia mlio kabla sijamwona amekaa chini. Hakulia. Alishika kifundo cha mguu na kusema, "Huu hautanibeba." Hofu ikambana kifua, naye akaanza kupumua kwa mluzi wa pumu.

Mpangilio wa simu tulikuwa tumeukubaliana mapema. Kwanza uokoaji, kisha bima. Mkataba unataka kampuni ijulishwe haraka iwezekanavyo, wala hautaki mtu aombe ruhusa huku akiwa hatarini. Nilipiga 112, namba ya dharura inayotumika kote Ulaya, nikasoma namba za ramani za mahali tulipo (latitudo na longitudo) kutoka kwenye simu. Waliuliza anapumua vipi, ana fahamu, mguu una rangi gani, upepo ukoje. Wao ndio walioamua helikopta ije, na hilo lina uzito baadaye: bima hulipia chombo kilichoitwa kwa sababu ya kitabibu, na uamuzi wa mwokoaji ndio ushahidi.

Tukiwa tunasubiri, huku Dada amevuta dawa na pumzi imetulia, nilipiga namba ya msaada ya kampuni, ile iliyo nyuma ya kadi na inayojibiwa saa 24. Ukinunua bima, kitu unachokinunua hasa ni namba hiyo. Waliuliza namba ya mkataba, jina kamili, mahali, kilichotokea, tunapelekwa wapi, na simu gani ya kutupigia. Wakafungua jalada na kunipa namba yake. Kuanzia hapo sikuzungumza na yeyote bila kuitaja.

Hospitalini bondeni dawati la mapokezi lilitaka kadi ya benki au dhamana ya malipo. Cheti cha bima tulichowaonyesha kilithibitisha tu kwamba tuna bima. Dhamana ya malipo ni barua ambayo kampuni inaiandikia hospitali moja kwa moja, ikiahidi kulipa matibabu fulani hadi kiasi fulani. Matibabu yenyewe hayakusimama, waliendelea kumpiga picha na kumpa dawa ya maumivu. Mimi nilikaa dawatini, nikiwasiliana na kampuni, nikiwapa jina la idara na anwani ya barua pepe ya hospitali. Dhamana ikaja jioni. Kwa ankara ndogo, kama dawa za duka la dawa, unalipa mwenyewe kisha unarudishiwa. Kwa kulazwa na vipimo vikubwa, omba dhamana.

Mfupa mwembamba wa mguu ulikuwa umepasuka bila kuhama. Hakuhitaji upasuaji. Walimfunga kifaa cha kushikilia, wakaandika sindano za kuzuia damu isigande, na pumu wakaiandika kwenye ripoti pia. Nilifurahi kuiona pale. Kama tungeificha, ripoti hiyohiyo ndiyo ingetuumbua.

Kurudi nyumbani kulichukua majadiliano. Mguu uliovunjika huvimba, na ndani ya ndege uvimbe huongezeka; kwa safari ndefu, mashirika mengi hutaka saa 48 zipite tangu plasta kufungwa, au plasta ipasuliwe kwa urefu. Daktari wa hospitali alizungumza na daktari wa kampuni, si sisi. Tunaweza kudhani mgonjwa ndiye anayechagua lini arudi na kwa njia gani, lakini mkataba unaliacha jambo hilo kwa madaktari hao wawili, na kampuni inalipia njia wanayokubaliana. Wakakubaliana asubiri, asafiri na ndege ya kawaida, akiwa na nafasi ya kunyoosha mguu na msindikizaji. Neno "msindikizaji" nilimwomba daktari aliandike kwenye cheti cha kuruhusiwa kusafiri, kwa kuwa malazi yangu ya ziada na mabadiliko ya tiketi yangu yalilipika kwa sharti hilo tu.

Tulipofika nilituma jalada lote: ripoti ya hospitali, ankara iliyochanganua kila huduma, risiti za dawa, cheti cha kusafiri, nakala za pasipoti zenye mihuri, vipande vya tiketi za ndege. Walikata kiasi cha kujilipia kilichoandikwa kwenye mkataba, yaani sehemu ya kwanza ya kila dai ambayo mwenye bima huibeba, nasi tulikuwa tumeitenga tangu mwanzo. Helikopta waliilipia chini ya kipengele cha uokoaji. Vibanda tulivyokuwa tumeshavilipia mbele ya safari, Champex na kuendelea, havikurudishiwa. Hivyo ni vya bima ya kukatizwa kwa safari, ambayo hatukuinunua, na tulijua hivyo.

Dada anataka kumalizia kipande kilichobaki, kutoka La Fouly, kijiji cha upande wa Uswisi, hadi Chamonix kupitia Col de Balme. Majuzi tuliifungua fomu mpya. Lile swali la maradhi liko palepale, ila sasa lina majibu mawili: pumu, na kifundo cha mguu wa kushoto kilichovunjika. Daktari wake ameandika kwamba mfupa umeunga na kwamba bado anafanya mazoezi ya viungo. Kampuni imejibu kwamba itakilipia kifundo hicho baada ya mazoezi kumalizika na kipindi cha utulivu kupita, kwa hiyo safari tumeisogeza hadi majira yajayo ya kiangazi.