Pete Niliyoikuta Jambiani

Nauli ya boti iliniuma, na chumba nilichopata Jambiani, Zanzibar, kilikuwa ghali kuliko joto lake lilivyostahili. Siku mbili za kwanza sina la kuzisimulia. Asubuhi ya tatu ilikuwa bamvua, maji yakakupwa mpaka karibu na mwamba, nikaongozana na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akienda kwenye mwani wake.

Nilimwambia natafuta simbi, ndivyo tunavyoyaita kwetu yale makombe madogo ya baharini. Neno lile lilimpita. Nilipomchorea mchangani akasema, "Aa, kete hizo, mwanangu!" Akainama, akafunua jiwe.

Nilitarajia kitu cheupe. Nikaona kijidonge cha kijivu chenye vinyweleo, kikubwa kama harage. Akakigusa kwa ncha ya kidole. Ile ngozi ikaanza kunywea taratibu, kushoto na kulia, ikazama tumboni, na gamba likabaki wazi, linang'aa kama limetoka kupakwa mafuta. Mgongoni palikuwa na pete ya manjano, nyembamba, imefunga duara kamili.

Kumbe konokono huyu hulivaa gamba lake kwa ndani na kwa nje: ngozi hiyo hulifunika na kulisiriba, ndiyo maana halichakai kama makombe mengine.

Jiwe la pili mama alilifunua akalirudisha haraka. "Huyu kalalia." Nilikuwa nimeviona vifuko vya mayai chini yake, vimeshikana.

Sisi Wasukuma simbi tunazijua. Bibi alikuwa na mshipi wa ngozi ulioshonewa simbi, nimeuchezea utoto wangu wote. Sikuwahi kuona pete. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walibeba kete za Zanzibar kwa shehena hadi Afrika Magharibi, zikatumika kama fedha, zikawa nyingi mno mpaka thamani ikaporomoka; nyingine zikapanda bara, zikafika kwetu. Fedha ile yote ilikuwa hai chini ya mawe kama haya.

Maji yalipoanza kujaa tulirudi. Sikuchukua hata moja.

Nilipofika nyumbani nilimwomba mama anifungulie sanduku la bibi. Nikaugeuza mshipi. Kila simbi ilikuwa imekatwa mgongo ili uzi upite, imebaki tumbo na meno yake. Moja tu, karibu na kifungo, fundi aliikata vibaya. Ukingoni pamesalia kipande cha manjano, kifupi kama ukucha wa mtoto.